Saa ya Damu ya Mzee Gekara

Kuna watu wanaokutana kupiga siasa, na kuna wanaokutana kusengenya wenzao. Pale hotelini kwa Monicah, mjini Kaplong, meza ya karibu na dirisha ilikuwa ya watu wa saa kila Jumamosi alasiri. Si saa za ukutani wala za simu, ni saa za mkono. Walikuwa wanne tu, na ukiwasikia kwa mara ya kwanza ungedhani wanajadili ng'ombe wa gredi, maana kila saa walitajiana ukoo wake, umri wake na tabia zake.

Meza ile ilikuwa na sheria moja. Saa haivuliwi. Ukitaka kuonyesha saa yako, unalaza mkono mezani, kiganja chini, na wenzako wanainama kuitazama papo hapo ilipo. Saa iliyovuliwa, walisema, ni bidhaa, na mwenye bidhaa aende sokoni. Sheria hiyo aliitunga Mzee Gekara, na hakuna aliyethubutu kuivunja mbele yake.

Kipkurui, kijana aliyekusanya maziwa kwa pikipiki boma hadi boma, alikuwa na Casio ya plastiki iliyowahi kutumbukia ndani ya mkebe wa maziwa ikatoka inaendelea. Monicah mwenye hoteli alikuwa na kisaa kidogo alichorithi kwa shangazi yake. Kilikuwa kimesimama miaka nenda miaka rudi, lakini alikivaa na kukitetea. Valary, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Kabianga na kurudi nyumbani wikendi, alikuwa na saa ya kisasa yenye kioo cheusi. Upande wa ngozi iliwaka taa ya kijani, ikakwambia moyo wako unapiga vipi.

Lakini mfalme wa meza ile alikuwa Gekara na Seiko yake ya chuma. Haikuwa na betri. Wala hakuwahi kukizungusha kile kifundo cha pembeni ili kuijaza. Ilitembea tu.

"Hii inaishi na damu," aliwaambia, na kila mara aliwaambia kana kwamba hawajawahi kusikia.

Si kwamba alikuwa mwongo. Gekara alitoka upande wa Nyamira akiwa kijana, akaja kuchuma chai katika shamba kubwa huko Kericho, na saa ile aliipata kwa mekanika wa kiwanda, mtu aliyeitwa Gordon, siku Gordon alipokuwa akifunga virago kurudi kwao. Gordon alimwambia, "Hii usiijaze. Wewe ukiwa hai, nayo iko hai." Basi. Mengine Gekara aliyamalizia mwenyewe. Alikuwa mtu wa kutaka kujua, wa kufungua redio nzima aone sauti inakaa wapi, kwa hiyo aliifanyia saa ile majaribio. Aliivua akaiweka chini ya mto. Baada ya siku chache ilisimama. Alipoivaa akaenda kuchuma chai, ikaamka. Angetaka ushahidi gani zaidi? Damu inapita chini ya ngozi, joto lake linapanda kwenye chuma, saa inatembea. Aliishi na elimu hiyo akiwa mchuma chai, akaishi nayo alipooa Nyanchama na kununua shamba lake mwenyewe karibu na Kaplong. Valary alipokuja na saa yenye taa ya kijani, Gekara alipiga meza kwa furaha. "Mnaona? Hata hii inasoma damu. Mimi nilijua zamani."

Halafu mwaka jana, mvua za masika zikinyesha, kiharusi kilimpata akimkamua ng'ombe. Alilala hospitalini muda mrefu. Mguu ulirudi, mdomo ukarudi, lakini mkono wa kushoto ulibaki ukining'inia. Aliambiwa auinue kila siku kwa ule mzima, auzungushe, aushikishe mpira na kuuminya, la sivyo utakauka na hautarudi tena. Nyanchama akanunua mpira.

Tatizo halikuwa mpira. Tatizo lilikuwa saa. Alipofika nyumbani, Nyanchama alimvisha Seiko yake mkono ule ule wa kushoto, maana wa kulia Gekara alikataa katakata. Huo ni wa kula na wa kusalimia watu. Saa ikatembea kidogo, na kesho yake ikawa imesimama. Nyanchama akaivua, akaitikisa, akamvisha tena. Ikasimama tena.

Gekara hakuhitaji daktari mwingine. Alikuwa na kipimo chake, na kipimo kilikuwa kimesema: damu haifiki. Mkono umekufa, na maiti haifanyishwi mazoezi. Mpira ukabingirika chini ya kiti ukakaa huko. Nyanchama alibembeleza, akagomba, akaomba mchungaji aje. Mzee hakuambilika. Na hotelini kwa Monicah hakwenda tena, kwa sababu sheria aliyoitunga mwenyewe ilimfungia mlango. Angelazaje mezani mkono ambao lazima ubebwe kama mzigo? Aliona haya, na alikuwa na huzuni, na hakumwambia mtu lolote kati ya hayo mawili.

Asubuhi moja alimngoja Kipkurui langoni. Kijana alipomaliza kupima maziwa, Gekara akamnyooshea saa.

"Chukua. Uvae."

"Si hii ni yako, mzee?"

"Hii inataka damu. Kwangu itakufa bure. Wewe bado uko na damu."

Kipkurui aliipokea, kwa sababu mzee akikunyooshea kitu huanzi kubishana naye. Lakini kuivaa? Kuvaa saa ya mzee aliye hai ni kumrithi kabla hajaondoka, na nyumbani kwao Kipkurui mamake angemfukuza na saa yake. Kuiweka mfukoni aliogopa itachubuka na funguo. Basi akafanya kile kilichomjia kwanza: akaifunga kwenye mshikio wa mkebe wa maziwa nyuma ya pikipiki, akakaza, akaenda zake kwenye zile barabara za ndani ambazo mvua imezila mpaka mifupa.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwa Gekara pamoja na Valary, na hata kabla ya kukaribishwa kiti alikuwa ameshaitoa saa.

"Mzee, usikasirike. Hii saa mimi sikuvaa. Nilifunga kwa mkebe."

"Mkebe gani?"

"Wa maziwa. Na haisimami. Inatembea tu, wiki mzima."

Uso wa Gekara ulikunjamana. Saa iliyokaa naye tangu ujana, kufungwa kwenye mkebe! Alifungua mdomo amkemee, lakini udadisi ulimtangulia, ugonjwa wake wa zamani ambao kiharusi hakikuugusa.

"Ngoja. Maziwa ilikuwa ya moto?"

"Asubuhi iko na joto kidogo, imetoka tu kwa ng'ombe. Lakini jioni mkebe ni baridi. Imeoshwa."

"Na jioni inatembea?"

"Inatembea."

"Haikusimama hata mara moja?"

Kipkurui akafikiri. "Ilisimama siku pikipiki ilikuwa kwa mekanika. Hiyo nayo nilishangaa. Alipomaliza, nikaingia barabara, mashimo mbili tatu hivi, ikaamka."

Valary akaichukua saa, akaiweka sikioni, akaiinamisha huku na huku. Akatulia, akairudia tena.

"Kuna kitu ndani inazunguka," akasema. "Skiza, babu. Si ile tik tik. Iko na ingine, kama kitu nzito inateleza."

Gekara aliipokea. Miaka yote aliyokaa na saa ile aliisikiliza mara nyingi, lakini nani husikiliza saa huku anaitikisa? Aliisogeza sikioni, akaigeuza, na akasikia. Kilikuwa kijiuzito kilichozunguka ndani na kujikokota kila alipoinamisha kiganja. Aliigeuza tena na tena, kwa muda mrefu, na wageni wakamwacha.

"Ni mtikiso," akasema hatimaye. "Haikuwa damu. Ni mtikiso wa mkono. Gordon hakunidanganya, ni mimi nilijijazia."

Aliuangalia mkono uliolala kwenye paja lake.

"Kwa hivyo saa haikusema huu umekufa," akasema polepole. "Ilisema tu hausongi."

Hilo daktari na Nyanchama walikuwa wameshamwambia. Valary alifungua saa yake mwenyewe. Gekara alitaka kumkumbusha sheria, akaumeza ulimi. Msichana akamfunga saa ile kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, taa ya kijani ikawaka juu ya ngozi ya mzee, na wote watatu wakainama kungoja kama walivyozoea kuinama kwa Monicah. Kioo kilikaa cheusi. Halafu namba ikaja.

"Iko, babu," Valary akasema. "Inapiga. Damu iko."

Machozi yakamtoka Gekara, na hakuyafuta, kwa sababu mkono mzima ulikuwa umeushika ule mwingine.

Nyanchama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai muda wote huo. "Mpira uko chini ya kiti," akasema, akaingia akamimina chai.

Mpira hakuupenda hata hivyo. Alisema ni kitu cha watoto. Lakini saa aliivaa mkono wa kushoto siku hiyo hiyo, na tangu hapo akawa mtumishi wake. Aliushika mkono uliolala kwa ule mzima, akaubembeza mbele na nyuma, akaupandisha begani, akaushusha. Akifanya uvivu, saa ilimsimanga kwa kusimama. Akijitahidi, ilitembea mpaka kesho. Mtu aliyemkatalia daktari, mke na mchungaji akawa anatii kipande cha chuma. Nyanchama naye akapata la kumtania.

"Baba Mageto, saa ndiyo imesimama ama ni wewe?"

"Nyamaza, mama. Nafanya kazi."

Kidole kimoja kilianza kujikunja chai ilipokuwa inachipua vizuri baada ya mvua za vuli. Kisha kikafuata kingine. Kisha kiwiko, kwa shida, kama mlango wa zizi uliovimba kwa maji.

Jumamosi moja alasiri Gekara aliingia hotelini kwa Monicah na fimbo, akavuta kiti chake cha zamani. Hakuna aliyemuuliza alikuwa amepotelea wapi. Chai ikaja. Kipkurui akalaza mkono mezani, Valary akalaza wake, Monicah akalaza wake na kile kisaa kilichosimama. Wakangoja.

Mkono wa Gekara ulikuwa pajani. Ulianza kupanda. Ulifika kwenye ukingo wa meza, ukateleza, ukaanguka. Kipkurui alijiinua amsaidie, na Monicah akamkanyaga mguu chini ya meza. Mkono ukapanda tena. Jasho lilimtoka Gekara kwenye paji la uso, chai ikafanya utando, mteja mmoja akaita alipe na Monicah hakugeuka. Vidole vikashika ukingo. Vikavuta. Na mkono wa kushoto ukalala mezani, kiganja chini, Seiko juu yake.

Wakainama wote.

"Inatembea," akasema Kipkurui.

"Inatembea lakini imechelewa, mzee," akasema Monicah, akiangalia ile ya ukutani. "Imechelewa sana. Toa nikurekebishie."

"Wacha ichelewe," akasema Gekara. "Saa haivuliwi."