Leseni ya Kujifunzia Nikiwa na Wajukuu

Atukuzwe Mungu Baba, anayetuvumilia tunapojisifu wala hatuachi tunapoaibika. Kwa rehema zake nimefika umri wa mvi, na haya ninayaandika kama sehemu ya shukrani zangu kwake, ingawa mkono umekuwa mzito kuyaandika.

Mume wangu alipatwa na kiharusi muda mfupi baada ya kustaafu. Upande wake wa kulia ulilegea, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Hospitali wakatupangia mazoezi ya viungo, Jumanne na Ijumaa. Daktari aliniita pembeni akaniambia kwamba mkono ule bado una uhai, ila tukikosa mazoezi utakakamaa na hautarudi tena. Mwanzoni mtoto wetu wa kiume alikuwa anatupeleka kwa gari la baba yake. Kisha akahamishiwa kazi Misungwi, na gari likabaki uani limefunikwa turubai. Tukajaribu bajaji. Siku moja, wakati wa kushuka, mguu wake ulikwama kwenye ngazi ya bajaji akaanguka kifudifudi mbele ya watu. Tangu siku ile alikataa kupanda bajaji. Wiki zikaanza kupita bila mazoezi, na mimi nikawa namwona jinsi vidole vinavyojikunja.

Ndipo nikasema moyoni, gari lipo, na mimi nipo.

Shule ya udereva niliyoiona ilikuwa Mirongo, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Siku ya kwanza nilikuta darasa limejaa watoto wa umri wa wajukuu wangu. Wote wakasimama. "Shikamoo bibi," walisema kwa pamoja, kisha wakanipisha kiti cha mbele, nami nikakikalia kama mgeni rasmi.

Mkuu wa shule alitueleza habari za umri. Mwenye miaka kumi na sita anaruhusiwa kujifunza pikipiki ndogo, lakini gari la kawaida ni mpaka utimize kumi na minane. Anayetaka kubeba abiria anatakiwa awe amekomaa zaidi, na awe ameshika leseni ya gari dogo kwa miaka kadhaa kwanza. Na kila mmoja, mdogo au mkubwa, aanze na leseni ya kujifunzia, awe na mwenye leseni pembeni yake, na gari libebe herufi L nyekundu mbele na nyuma.

Kijana mmoja akainua mkono. Alikuwa dereva wa bodaboda mwenye leseni ya pikipiki, amekuja kuongeza ya gari. "Mwalimu, umetaja umri wa kuanzia. Na wa kumalizia je?"

Darasa zima likageuka kunitazama, kisha likageuka upesi kutazama ubao.

"Sheria haijaweka mwisho," mkuu alisema. "Kwa mtu mzima sana, daktari ndiye atakayesema. Macho, masikio, miguu."

"Basi bibi atatupokonya abiria," kijana alisema, tukacheka wote. Daktari alinipima, akaandika niendeshe nikiwa nimevaa miwani, na leseni yangu ya kujifunzia ikatoka.

Mwalimu niliyepangiwa barabarani nilimjua mara tu aliposhuka kwenye gari. Alikuwa mmoja wa watoto niliowafundisha mafundisho ya kipaimara, miaka mingi iliyopita, mtoto wa familia ya Kisukuma yenye adabu sana. Aliinama akanisalimu kwa lugha ya nyumbani: "Mwangaluka, mayu." Mayu ni mama, na kwetu mtu hamwiti mama yeyote hivyo halafu akamkaripia. Nilifurahi. Nilimwona kama zawadi kutoka kwa Bwana.

Tulianza uwanjani, kisha barabara za pembeni. Nyuma alikaa yule kijana wa bodaboda akisubiri zamu yake. Nilishangaa jinsi gari lilivyonitii. Nikikaribia kona, lilipunguza mwendo. Mbuzi akikatiza, lilisimama. Nikiwaza tu kusimama, lilisimama. Wakati mwingine nilihisi mguu wangu haujafika vizuri kwenye breki, lakini gari lilikuwa limekwisha kutulia, na mwalimu wangu alikuwa anasema, "Vizuri sana, mayu. Tuendelee."

"Nimekosea popote?" nilikuwa namuuliza.

"Kidogo tu, mayu. Unaendelea vizuri."

Kijana wa nyuma alikohoa. Nilidhani ni vumbi.

Jumapili moja, wakati wa shuhuda, nilisimama kanisani. Nilisema Mungu amenipa miguu ya kijana. Nilisema watu wa umri wangu wasikate tamaa, kwamba mwezi ujao nitampeleka mzee wangu hospitali mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Akina mama walipiga vigelegele. Mume wangu, aliyeletwa na mtoto wetu aliyekuja kututembelea siku hiyo, alipiga paja lake kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kupiga makofi hawezi. Nilirudi kukaa nikiwa nimejaa, na nilidhani nimejaa shukrani tu.

Wiki hiyo hiyo tukaenda Mabatini kujifunza kupanda kilima. Tulikuwa katikati ya mteremko, tunapanda, tukakuta mkokoteni wa matikiti umeziba njia. Nilisimama. Mwalimu akaniambia nishike breki hapo hapo, kisha akashuka kumsaidia mwenye mkokoteni kuusukuma pembeni.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga. Likazidi. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, na likazidi kuteremka, kwa kuwa nilichokuwa nakikanyaga ni klachi. Nilimwita Yesu kwa sauti. Nyuma nikasikia kijana anapiga kelele, "Bibi, breki! Breki!" kisha akajirusha katikati ya viti akavuta breki ya mkono. Gari lilitikisika likasimama, lakini tairi la nyuma lilikuwa limeshapanda juu ya turubai la mama mmoja aliyeanika dagaa kando ya barabara. Dagaa walitawanyika hadi mtaroni.

Mtu hakuumia. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Mwalimu alikuja mbio, uso umempauka. Kijana akamwelekezea yeye hasira zake zote.

"Si nilikuambia? Kila siku unamkanyagia breki wewe, halafu unamwambia vizuri sana! Angetuua!"

Sikuelewa. Nikamuuliza, "Anakanyagaje, na breki iko huku kwangu?"

Kijana akafungua mlango wa upande wa mwalimu akanionyesha. Chini pale zilikuwepo pedali nyingine, klachi na breki, zilizolika kwa kukanyagwa. Gari la kujifunzia huwa nazo. Darasa zima lilijua isipokuwa mimi, na pengine tulifundishwa siku ambayo nilikuwa namwaza mgonjwa wangu.

Watu walikuwa wamejaa. Nilishuka ili nimwombe radhi mama wa dagaa. Ningefurahi kama angenitukana. Aliniangalia, akanyoosha kanga yake, akasema, "Pole, mama. Lakini si ni wewe uliyetoa ushuhuda Jumapili?"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Miguu ya kijana hiyo!"

Nilipiga magoti nikaanza kuokota dagaa mmoja mmoja, na yule mama naye akapiga magoti kando yangu akisema, "Acha, mama, acha, wanaoshwa tu." Nilitamani ardhi inimeze pale pale. Nimekaa mbele ya watoto kwa miaka mingi nikiwafundisha unyenyekevu, na sijawahi kujua uzito wa neno lile hadi nilipokuwa na mchanga wa Mabatini magotini.

Tuliporudi shuleni, kijana alienda zake na mimi nikabaki na mwalimu ndani ya gari. Nilimuuliza kwa nini.

Akasema, "Mayu, wewe ndiye uliyenifundisha kuungama. Nilijaribu kukuambia umekosea, ulimi ukakataa. Nikasema nitakusaidia kwa mguu, utazoea polepole."

Nilitaka kumlaumu. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nauliza kama nimekosea, na jinsi nilivyokuwa nalitaka jibu lile lile. Mtu anayetaka kweli kusahihishwa haulizi huku ameshatabasamu.

"Mume wangu vidole vinajikunja," nilimwambia. "Usiponiambia makosa yangu, nitamuua barabarani, au nitamwacha akauke nyumbani. Chagua mwenyewe."

Alifikiri sana. Halafu akasema, "Kwa Kisukuma siwezi, mayu. Labda kwa Kiswahili."

Basi tukakubaliana hivyo. Ndani ya gari hakuna Kisukuma na hakuna mayu. Angeniita "mwanafunzi". Siku ya kwanza alisema "Mwanafunzi, umekosea" kwa sauti ndogo kama anayekiri dhambi, na macho yake nje dirishani. Siku ya tatu alipaza sauti. Wiki iliyofuata aliniambia, "Mwanafunzi, hiyo ni klachi tena! Unatazama wapi?" na nilihisi masikio yakiwaka. Miguu yake aliikunja juu ya kiti, mbali na pedali, nione mwenyewe. Gari ambalo lilikuwa linanitii sasa lilizimika kila kona. Bajaji zilinipigia honi. Watoto wa shule walikuwa wanapunga mkono na kuimba "Bibi L, Bibi L." Kila jioni nilirudi nyumbani mgongo umelowa jasho.

Kwa mume wangu nilikuwa nimeshasema yote usiku ule ule wa dagaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Alihangaika na maneno, kisha yakatoka: "Rudi... kanisani... useme." Hilo nililiogopa kuliko kilima.

Jumapili nilisimama tena. Nilieleza kuwa breki nilizojisifia hazikuwa zangu, na kwamba bado sijui kuendesha. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mchungaji alisema "Amina", akaita wimbo. Nilipokaa, sikuweza kumtazama mama wa dagaa aliyekuwa safu ya tatu.

Trafiki wa mtihani alinirudisha mara ya kwanza kwa sababu ya kilima. "Nenda kajifunze zaidi, mama," alisema, na vijana waliokuwa kwenye foleni wakainamisha vichwa kwa ajili yangu. Mara ya pili nilipanda, nikasimama katikati, breki ikashika chini ya mguu wangu mwenyewe, nikaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Akatia saini.

Sasa tunakwenda Jumanne na Ijumaa. Ninaendesha polepole mno, na nyuma yangu huwa kuna msururu wa watu wenye haraka. Bado naona aibu nikipita Mabatini. Wiki iliyopita mtaalamu wa mazoezi alimpa mume wangu mpira mdogo, na kidole cha shahada kikasogea. Kimoja tu. Tulikitazama sote watatu kwa muda mrefu.

Nawe unayesoma, Bwana akujalie mtu wa kukuambia umekosea, akupe na sikio la kumsikia. Akulinde uingiapo na utokapo, wewe na wote uliowabeba. Amina.