Nili-compile upya seva ya tanzia ya mtaa wetu, nikakwama kwenye neno la siri la rafiki yangu

Wakuu, habari za siku nyingi.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika jambo lililonifika mwenyewe hapa Mombasa, na sitatia chumvi. Nilipokosea nitapasema vilevile palivyokuwa.

Mimi ni Mdigo wa upande wa Kwale. Kazi yangu ni ukarani kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini, Kilindini. Nimepanga chumba Mji wa Kale, mtaa wa Kuze, na naishi peke yangu.

Mtaa wetu una chama cha maziko. Mtu akifariki, chama hushughulikia sanda, jeneza na kaburi, kisha hutangaza. Kwa kuwa watoto wengi wa mtaa huu wako Muscat, Dubai na Uingereza, kuna tovuti ya tanzia. Walio mbali huingia kwa akaunti zao, husoma nani ametangulia na atazikwa saa ngapi, huandika rambirambi, huacha namba zao za simu.

Tovuti hiyo tuliijenga watu wawili, mimi na Twalib. Tulisoma chuo pamoja pale Buxton, hapa hapa mjini. Yeye ndiye mwenye akili ya kompyuta, mimi nilikuwa mtu wa kuuliza maswali. Mamake, Bi Zuhura, ndiye aliyenitafutia chumba nilipokuwa mgeni mjini. Ramadhani saba mfululizo sikuwahi kufuturu peke yangu. Sahani yangu ilikuwa kwake.

Baadaye Twalib akapata kazi Muscat. Akawa anaiangalia seva kutoka huko, mimi naandika tanzia huku.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu.

Mwaka jana Bi Zuhura alifariki ghafla, asubuhi. Mwenyekiti wetu, Mzee Athman, akanipigia simu.

"Mwambie Twalib," akasema. "Wewe ndiye nduguye."

Nikaitikia. Nikashika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Nilishindwa, wakuu. Nikajiambia mjomba wake atampigia, ndiye mkubwa. Nikafanya lile nililolizoea: nikaandika tanzia, nikaiweka kwenye tovuti.

Mjomba naye alidhani mimi nimeshapiga.

Twalib alisoma habari ya kifo cha mamake akiwa kazini, kwenye tovuti aliyoijenga kwa mikono yake, kwa maneno yangu. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Umeniandikia tanzia?"

Sikumjibu. Tangu hapo kimya, miezi kumi.

Turudi kwenye seva.

Juzijuzi malalamiko yakaanza kuingia. Kila anayenunua simu mpya, tovuti inamkatalia. Sababu ni kwamba seva yetu ni mashine kuukuu iliyoko ofisi ya chama, juu ya duka la fundi cherehani. Ilijua usimbaji wa zamani tu, yaani ile njia ya kuyafunga mawasiliano ili mtu wa katikati asiyasome. Browser za siku hizi zimeshaukataa usimbaji huo. Na mfumo wa mashine yenyewe umeachwa na waliouunda, huwezi kupakua sasisho lolote. Mzee Athman akasema habari ya mashine mpya isubiri mkutano wa chama.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: ku-compile mwenyewe kutoka source, yaani kuijenga programu upya kutoka kwenye msimbo wake. OpenSSL mpya kwanza, ndiyo programu ya huo usimbaji, halafu web server, ile inayotoa kurasa za tovuti, juu yake.

Nilianza Jumamosi saa mbili asubuhi. OpenSSL peke yake ilinifikisha adhuhuri, mashine yenyewe inapumua kwa taabu. Nikaenda kuswali, nikarudi.

Web server nayo nikaipa amri ya ./configure --enable-ssl, kisha make, kisha make install. Ikamaliza bila lalamiko. Nikafurahi. Kuangalia sasa, nakuta imeshika ile OpenSSL ya zamani!

Kwa atakayejaribu: usiseme --enable-ssl ukanyamaza. Ielekeze hasa kwenye folda uliyoweka toleo jipya, kwa --with-ssl, la sivyo itaokota lile kuukuu. Mimi nilifuta yote kwa make clean, nikaanza tena.

Ile awamu ya pili ndiyo iliyoniumiza. Mistari inapita kwenye skrini, chini cherehani inalia, na mimi nimekaa tu. Kazi hii zamani tuliifanya wawili, tukichekana kila error ikitokea. Nikakumbuka kwamba tangu alfajiri sikuwa nimezungumza na mtu, ila kuitikia salamu ya fundi nikipanda ngazi.

Alasiri ikakubali. Toleo sahihi kabisa. Nikaiwasha, ikaniuliza: Enter pass phrase, yaani weka neno la siri.

Ule ufunguo wa siri wa seva, Twalib aliufunga kwa neno analolijua yeye. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha, hata akiwa Muscat, na miezi hiyo kumi haikuwa imezimwa.

Hapa nitasema kweli. Nilijua kwamba naweza kutengeneza ufunguo mpya na kuomba cheti kipya cha tovuti, nusu saa kazi imekwisha. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua.

Nikampigia Twalib hivyo hivyo.

"Assalaam aleykum," nikasema.

"Waaleykum salaam. Nani mwenzangu?"

Namba yangu alikuwa ameshaifuta. Nikajitaja jina. Akauliza:

"Kwema?"

"Kwema. Nyumbani?"

"Hatujambo. Sema."

Nikamweleza habari ya seva yote, mpaka nilipokwama.

"Hilo neno nimelisahau," akasema. "Tengeneza ufunguo mpya. Huo wa zamani wautakia nini?"

"Sawa, nitafanya hivyo."

"Ulijua hilo kabla hujapiga."

"Nilijua."

"Basi wanipigia kwa nini?"

Nikamwambia, "Kwa sababu siku ile sikukupigia."

Nilisikia honi ya gari upande wake.

"Niliisoma mara tatu," akasema. "Nilidhani umekosea jina. Nikakaa nikingoja ulirekebishe."

"Nisamehe, Twalib. Niliogopa."

"Nimesikia." Kisha akasema, "Niko kazini," na simu ikakatika.

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe.

Nikatengeneza ufunguo mpya, nikaomba cheti, nikaiwasha. Tovuti ikafunguka kwenye simu yangu na kialama chake cha kufuli. Nikatafuta mtu wa kumwonyesha, sikumpata. Nikampigia Mzee Athman.

"Mzee, tovuti imepona."

"Kwani ilikuwa yaumwa?" akauliza. Kisha, "Alhamdulillahi, mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula.

Siku tisa baadaye akafariki mzee mmoja, mpakizi mstaafu wa bandarini. Binti yake wa pekee yuko Uingereza. Nikaletewa karatasi ya tanzia niiandike. Nikaenda kwao marehemu, nikauliza nyumba nzima, "Binti amepigiwa na nani?"

Kila mtu akamtazama mwenzake.

Nikatoka hadi barazani, nikampigia mimi. Hanijui, simjui. Nikamsalimia, nikamwuliza kama amekaa na mtu. Akasema yuko peke yake. Nikamwambia akae kitako. Halafu nikamwambia.

Alilia sana. Nikarudia innalillahi. Baadaye akaniuliza, "Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayeandika tanzia za mtaa."

"Usikate simu," akasema.

Sikuikata. Tulikaa karibu saa nzima, sehemu kubwa bila maneno, mpaka jirani yake alipofika mlangoni. Ndipo nikaingia ndani, nikaandika tanzia ya babake.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu: kabla sijaweka jina la mtu, napiga simu kwanza. Haijawa nyepesi.

Twalib hajanipigia. Kwenye log za seva, yaani kumbukumbu za wanaoitembelea, naona kuna mtu hufungua ukurasa wa mbele wa tovuti kutoka Muscat, bila kuingia kwa akaunti, karibu kila Ijumaa. Lakini Muscat ina watu wengi wa huku.

Nilichojifunza, wakuu: kuna habari ambazo haziandikwi, husemwa kwa mdomo, na anayetakiwa kuzisema huwa anajijua. Ukiona unamwachia mwingine, huenda na yeye amekuachia wewe.

Wenye maswali ya ku-compile, ulizeni, nitajibu ninachokijua. Na kama humu kuna aliyewahi kumkosea rafiki kwa kunyamaza, akaja akapatana naye, aniambie ilichukua muda gani. Nitasoma kila jibu.