Mwisho Aliotungiwa Ami Mmarekani

Sisi tuliokulia Sib, huku Uarabuni, wakati nyumba za serikali zilipokuwa bado zinanuka rangi mpya, bila shaka tunazikumbuka alasiri zake. Ndege zilipita chini kiasi cha kukatiza mazungumzo. Mchezo wa kibe, wa kujificha na kutafutana, ulianza mara tu jua lilipolegea. Na kila ua ulikuwa na kina mama watano au sita mkekani, huyu akichagua mchele, yule akimsuka mwanawe, wote wakizungumza Kiswahili cha Unguja, walikotoka, na kukichanganya na Kiarabu bila kujali. Mama alikuwa na amri moja tu: "Anayeingia na mchanga miguuni aufagie mwenyewe."

Ua wetu ulikuwa na jambo ambalo, kwa kadiri nilivyoweza kuchunguza, halikuwapo katika nyua nyingine. Shangazi Zuwena, dada yake baba, alifanya kazi katika maktaba ya skuli moja, na siku moja alileta nyumbani kitabu chakavu cha Kiingereza kilichoondolewa rafuni. Kilieleza maisha ya mwandishi mmoja mashuhuri wa Kimarekani wa zamani. Kila alasiri Shangazi alisoma kurasa chache kimyakimya, akakifunga kitabu, kisha akatusimulia kwa Kiswahili. Jina la mwandishi lilitushinda kulitamka, kwa hiyo tukamwita Ami Mmarekani, kama tulivyowaita ndugu za baba zetu.

Tulimjua kuliko baadhi ya jamaa zetu wa damu. Tulijua kwamba alifiwa na baba angali mdogo, kwamba alifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na kwamba vitabu alivyovipenda zaidi ndivyo ambavyo watu hawakuvinunua. Siku wachapishaji walipoukataa mswada wake wa kwanza, kina mama waliuacha mchele na nywele.

"Hana mke huyo wa kumpoza moyo?" aliuliza Bi Salma, jirani yetu.

"Kafiwa, Bi Salma. Nilikwambieni jana, weye ukawa unagombana na mchele."

"Basi na aoe mwengine! Baridi yote hiyo, peke yake?"

Kitabu kilituchukua karibu mwezi mzima, na hatukumwomba Shangazi aruke hata siku moja. Wapwa zangu wa leo hutazama hata katuni kwa kasi maradufu, na nikianza kuwasimulia jambo, huniuliza, "Mama mdogo, inaishaje?" kabla sijakaa vizuri.

Ya Ami iliisha vizuri. Alizeeka, akaugua, na majirani wakawa wanampelekea uji kila jioni. Mmoja alimkanda miguu, mwingine alimsomea barua zake, na alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtu. Bi Salma alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Alhamdulillahi. Kapata watu wa kheri."

Nilipofika masomo ya uzamivu nilimchagua yeye, na sikuona haja ya kujiuliza kwa nini. Nimeandika tasnifu juu ya maisha na kazi yake, na nina desturi, ambayo wenzangu huicheka, ya kuhakiki kila rejeo mara tatu. Wiki iliyopita, siku kumi kabla ya kuitetea tasnifu hiyo mbele ya watahini, msimamizi wangu aliirudisha sura ya mwisho. Kando ya sentensi iliyosema kwamba katika miezi yake ya mwisho mwandishi alitembelewa na majirani kila jioni, wakimletea chakula chepesi, alikuwa ameandika neno moja: "Chanzo?"

Nilivipekua vitabu vyote nilivyonavyo. Vyote vinakubaliana: alikufa peke yake, na alikutwa siku ya pili. Nilikuwa nimezisoma kurasa hizo, nikazipigia mistari, na bado mkono wangu ukaandika jingine. Tangu hapo sikutulia. Ikiwa sentensi ile iliingia bila mimi kuiona, ni ngapi nyingine zilizoingia? Na nitawaambia nini watahini: kwamba chanzo changu ni mkeka?

Jana nilivuka milima hadi Al Amerat, anakoishi Shangazi sasa na mwanawe. Nilimkuta amekaa sebuleni, televisheni ikizungumza peke yake.

"Shangazi," nilimwuliza, "mwisho wa Ami ndivyo ulivyokuwa kitabuni?"

"Hata! Alikutwa siku ya pili. Nnaukumbuka ukurasa wenyewe."

"Mbona hukutwambia?"

"Nyinyi watoto, na Bi Salma kakaa pale keshaanza kulia. Ningesemaje mtu kafa ndani, na majirani wapo?"

"Nimeiandika, Shangazi. Chuoni. Kwamba walimpelekea chakula."

Aliweka kikombe chini. "Uji umeuandika?"

"Chakula chepesi."

Alicheka hadi akavua miwani. Kisha uso ukambadilika. "Futa, mwanangu. Futa hapa hapa, nnakuona. Wasije wakakunyima shahada kwa uji wangu."

Nilifungua kompyuta mapajani, nikaifuta, nikaandika kwamba alikufa peke yake, na nikaweka nambari ya ukurasa. Kisha nikamwandikia msimamizi wangu ukweli wote, kosa lilikotoka na nani alilisimulia. Hadi ninapoandika haya hajajibu, nami nafungua barua pepe kila baada ya dakika chache.

Enzi zile, mtu hakuweza kukosekana uani alasiri moja bila mlango wake kugongwa kabla ya maghrib. Nyumba ya Shangazi sasa ni nzuri kuliko zote tulizowahi kukaa, ina viyoyozi kila chumba. Mwanawe na mkewe huondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku umeshaingia. Majirani huonekana wakiwa ndani ya magari. Mimi mwenyewe, nilipojaribu kukumbuka mara ya mwisho kufika pale, niligundua kuwa ilikuwa Idi, na sikuwa na uhakika ni Idi ipi.

Alinisindikiza hadi mlangoni, akiushika ukuta.

"Na huko ulikoandika," aliniuliza, "hapana kosa jengine la kuja kuniuliza?"

Nilikuwa nimezihakiki kurasa zilizobaki zote, mara tatu. Nikamwambia yapo mengi.