Mshumaa wa Pili wa Majilio

Kanisani kwetu Vudee, kwaya hainyamazi mpaka mishumaa iwake. Jumapili ya pili ya Majilio waliimba ubeti wa mwisho mara nne, nami nimesimama mbele ya shada la matawi mabichi, njiti ya kiberiti mkononi, sioni.

Kazi ya kuiwasha niliipokea mume wangu alipofariki. Watoto wa kipaimara nimewafundisha miaka mingi kwamba nuru si mali ya mshumaa. Mshumaa huipokea, nao huisha ukiitoa. Mtoto wa jicho aliponianza sikumwambia mtu. Wangeniondoa madhabahuni, na bila njiti ile ningebaki mjane wa kukaa ndani tu, ukungu mlangoni na ukungu machoni.

Mshumaa nilikuwa nautafuta kwa vidole, kisha nasubiri joto. Siku hiyo joto lilikuja upesi, lakini kwaya ikarudia ubeti. Nikawasha tena. Wakarudia tena. Nikachukua njiti nyingine.

"Wifi," dada wa marehemu mume wangu alininong'oneza kutoka benchi la mbele, "huo unawaka tayari. Unauongezea nini?"

Kumbe muda wote nilikuwa kwenye mshumaa wa kwanza. Akainuka, akanishika kiwiko, akausogeza mkono wangu kulia. Kwaya ikanyamaza.

Baada ya ibada alinivuta pembeni.

"Tangu lini huoni?"

"Tangu tuvune maharage."

"Na mimi kila asubuhi unanijuaje?"

"Unaburuza miguu."

"Hee! Kwa hiyo siku nikinyanyua miguu utanipita kama mgomba!"

Tulicheka, kisha nikalia. Alisema nishuke mjini Same kwa daktari wa macho. Nilikubali, lakini wiki hiyo mvua iliporomosha udongo, barabara ikazibika. Gari halishuki, na kwa miguu mteremko ule siuwezi. Nashukuru kwamba nina wifi. Kushukuru kwa kufungiwa bado najifunza.

Jumapili ya tatu nilimkabidhi wifi njiti mimi mwenyewe, kabla mchungaji hajaniomba. Nikakaa mahali pake kwenye benchi, mikono mapajani, haina la kufanya. Mbele yangu palikuwa na weupe mtupu, wala sikujua kama ni moto au ni dirisha.

Kwaya iliimba ubeti wa mwisho mara moja, ikanyamaza. Nikajua mishumaa yote mitatu inawaka.