Kufuli la Tatu

Kufuli la tatu tulilitaka sisi wenyewe, mkubwa asisingiziwe. Tuliporudi kutoka Kongo baada ya jenosidi, shitingi, yale maturubai ya plastiki yaliyoletwa kutusitiri na mvua, zilikuja kuonekana zimeezekwa kwenye banda la mbuzi la msimamizi wa depo, ghala la misaada. Tulikasirika, na haki yetu! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Basi mkubwa mpya wa depo alipotuita mkutanoni Kamembe, tukaamua kwamba depo ifungwe kwa makufuli matatu, funguo zikae kwa watu watatu wasio ndugu. Atakayevunja ni mwizi, awe nani. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Ufunguo mmoja alishika mkubwa, wa pili fundi cherehani wa karibu na msikiti. Wa tatu tulimpa maman muuza nyanya, mwaminifu kupita sisi wote, akauvaa shingoni kwa uzi. Kila asubuhi alivuka daraja la mpakani kwenda kuuza Bukavu, upande wa Kongo. Hilo hatukuliwaza hata kidogo, macho yetu yalikuwa kwa mwizi.

Vita vilifika Bukavu mwezi wa mvua. Siku hiyo maman alikwishavuka. Mizinga ikaanza, vikombe vikatetemeka kabatini kwangu, na alasiri watu wakamiminika darajani. Askari waliwakusanya wote uwanjani, mteremkoni chini ya depo, asitoke muntu kabla ya kukaguliwa. Mdogo wangu, aliyeolewa Bukavu, alikuwa humo na kichanga ambacho hata jina hakijapewa. Niliwapelekea uji na kitenge. Kitenge kililowa mvua nikingali nakikunjua.

Makufuli mawili yalikwisha kufunguliwa. La tatu lilining'inia pale, na mvua ikazidi kunyesha. Kichanga kilikuwa kimeacha kulia, kinatetemeka tu. Nilimfuata mkubwa mlangoni.

"Papa, tuvunje. Mutoto anakufa na baridi."

Aliwatazama watu waliotuzunguka, wale wale wa makofi. Nami niliwatazama. Wote waliinamisha macho.

"Maman, mwenye kuvunja ni mwizi," aliniambia. "Ni ninyi mulisema."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Alituogopa. Nilitafuta jiwe, askari akanirudisha nyuma kwa kitako cha bunduki, jirani zangu wakanishika mikono wakinibembeleza nivumilie, maman atafika tu.

Alifika kweli, kumekwisha kucha. Hakuwa na viatu wala nyanya wala kitenge cha kiunoni. Alipanda moja kwa moja hadi depo, akatema ufunguo kiganjani.

"Walininyang'anya vyote," alisema. "Huu niliuficha mdomoni."

Mlango ukafunguliwa. Shitingi zilikuwa zimepangwa hadi darini, kavu, haikupungua hata moja. Watu walisukumana. Mdogo wangu alingoja wapungue, kwa kuwa mtoto wake alikuwa amekata roho alfajiri. Aliomba kipande kidogo tu, na mkubwa akamkatia kwa mkono wake, bila kumuuliza ni cha nini.