Mshipi Usio na Chuma

Mume wangu hawezi kuona chuma kwenye mshipi bila kusonya. Ana kibanda cha kazi ya ngozi kule Kambi Muru, Kibera, na mishipi yake haina bizimu, haina msumari, haina kitu. Ncha moja anaitoboa tundu refu, nyingine anaichonga masikio mawili. Unapenyeza masikio kwenye tundu, unayageuza, yanashika. "Ngozi inajitosha," huwaambia wateja kwa sauti ya mhubiri. Mdomo huohuo ndio ulionitongoza, kwa hivyo msinionee huruma.

Kwetu ni Kawangware. Baba ana ploti na wapangaji, na ana tumbo la mtu mwenye ploti. Aliposikia mchumba anatoka Kibera na kazi yake ni kukata mishipi, alicheka hadi chai ikamtoka puani. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema kijana aje siku ya mahari, achague bibi arusi kama mila inavyotaka: wasichana sita wafunikwe leso gubigubi, yeye amtambue wake. Kwa watu wengine ukikosea unatozwa mbuzi, mnacheka, mnaendelea kula. Baba akasema huyu akikosea arudi kwao na asikanyage hapa tena. Hakuwa anatania. Na mimi nilikuwa nampenda yule mjinga, nisiseme uongo.

Nikampigia simu. "Siku moja tu, vaa mshipi wa duka, wenye chuma."

"Unataka niaibishe kazi yangu mbele ya wakwe?"

"Nataka usiniaibishe mimi!"

Akacheka. Haya.

Siku yenyewe akaja anang'aa. Kumbe asubuhi alikuwa ameupaka mshipi mafuta ya ng'ombe, wote, mpaka masikio. Jamani! Yeye mwenyewe ndiye huwafokea wateja: paka kote, lakini masikio yaache makavu, yakilainika yanakunjika na kuteleza. Mganga hajigangi, lakini huyu alizidi.

Shangazi zangu walikuwa wametupanga ukutani sote sita, leso za rangi moja, miguuni soksi za shule za kijivu ili asitambue vidole. Leso yangu ilikuwa na tundu dogo lililochomwa na cheche ya jiko, nikachungulia hapo. Akampita wa kwanza, akampita wa pili. Alipofika kwa wa tatu akachuchumaa kukagua soksi, mpelelezi mzima. Aliposimama, suruali haikusimama naye.

"Uwii!" shangazi mmoja akapiga ukemi. Rafiki zake waliomsindikiza kutoka Kibera wakapaza sauti, "Boss, shika longi!" Akaidaka magotini. Boma zima likaangua kicheko. Baba alicheka akijishika tumbo, na nilimsikia vizuri akisema, "Mtu hawezi kushika suruali yake, nyumba ataishikaje?"

Mimi nilikuwa nimewaka. Nilisimama pale kama mlingoti wa stima, nimeuma meno, mkono unaniwasha kumzaba kofi. Mwaka mzima nimembembeleza baba, nimempikia, nimemnyenyekea, halafu huyu anakuja kunimaliza kwa mafuta ya ng'ombe! Machozi ya hasira yakanitoka na sikuthubutu kuyafuta.

Yeye, mkono mmoja umeshikilia suruali kiunoni, akageuka akatutazama. Leso tano zilikuwa zinatikisika, wasichana wamejikunja kwa kicheko. Moja ilikuwa imetulia tuli. Hakuangalia soksi tena. Akaja moja kwa moja, akaifunua kwa mkono uliobaki, akanikuta macho yameiva.

"Huyu ndiye wangu," akasema. "Hawa wengine hawajanikasirikia."

Kicheko kikakatika. Shangazi wakaguna kwamba nimemkonyeza. Nani amkonyeze, mimi? Ningekuwa na fimbo ningemkonyeza nayo. Baba alinitazama usoni, akamtazama yeye na suruali yake mkononi, akanitazama tena.

"Mpeni chakula," akasema. "Kijana anajua anayemuoa."