Kigoda cha Kioko

Nakumbuka mchana mmoja kwetu Kalamba, jua limesimama utosini na hata kuku wamenyamaza, nikisikia mtu anagonga waya ndani ya kibanda cha baba. Ti-ti, kimya. Ti-ti, kimya. Niliacha mwiko nikakimbia kufungua mlango. Mwanangu, hamkuwa na mtu. Tezo na nyundo zilikuwa zinaning'inia ukutani, na buibui alikuwa amefuma utando kutoka mpini huu hadi ule. Nywele zilinisimama.

Baba alikuwa fundi wa vigoda, na alikuwa mtu wa nyumba yake. Siku ya soko wenzake walipopitia pombeni, yeye alirudi na mkate wetu kwapani. Kila mtoto alimchongea kigoda cha miguu mitatu. Lakini zile duara za waya wa shaba zinazopamba uso wa kigoda, mtoto alizigongelea mwenyewe akishapata nguvu ya kushika nyundo, baba akisimama nyuma yake. Changu duara zake zimepinda kama njia ya mlevi, na bado ninakikalia.

Kioko, ndugu yangu anayenifuata, alitumia mkono wa kushoto. Kila alipogonga mara mbili ilimbidi asimame aushike waya upya. Duara ikapinda, baba akamwambia, "Fungua waya, anza tena." Akaanza tena. "Fungua." Alipoambiwa mara ya tatu aliweka nyundo chini, akasema hatakalia kiti hicho maisha yake yote, akaondoka na shati alilovaa. Tulisikia ameonekana Mtito Andei na madereva wa malori, kisha hatukusikia tena. Miaka ikapita.

Kigoda kilibaki mahali pake jikoni, duara nusu. Msimu mmoja mvua ililowesha kuni zote, na kaka yetu mkubwa, Mulwa, akakichukua akipasue. Wakati huo baba alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umekufa, yuko kitandani. Alisema kwa shida, "Mulwa, hiyo ni ya mtu. Mtoto akikunyea mkononi, wewe unakata mkono?" Mulwa akakirudisha. Siku hiyo tulikula viazi vitamu nusu vibichi, na hakuna aliyelalamika.

Sasa turudi kwenye ile sauti. Nilipotoka kibandani nilimkuta baba kitandani ameinua kichwa, macho wazi.

"Umesikia?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo. Mwaitu, yaani mama yetu, akaanza kuomba, maana alidhani mauti yanamgongea mumewe jeneza. Hata mimi niliogopa hilo hilo. Baba akatikisa kichwa.

"Si jeneza. Na si mimi, mimi sigongi hivyo. Sikiza vile anasimama."

Tukasikiliza. Ti-ti, kimya. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuipenda, kwa sababu haikuwa furaha ya mtu anayepanga kukaa nasi.

"Amekuja," akasema. "Mwambieni hata ikipinda, asifungue."

Sauti ikakoma. Kabla jua halijatua, alikuwa ametuacha.

Kioko alifika siku ya mazishi, tumekwisha kufukia kaburi. Mtu mwembamba, mvi zimeanza, akawapita watu wote waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa bila salamu, akaingia jikoni. Nilimkuta amechuchumaa kando ya kigoda chake, anaogopa kukikalia. Aliniambia alikuwa anaziba magurudumu ya malori kule Mtito Andei, siku chache kabla ya msiba, akasikia baba akimwita kwa jina, karibu kabisa na sikio. Akageuka, barabara ilikuwa tupu. Alitaka kuondoka papo hapo, ila akangoja amalize kazi ya mtu. Kesho yake akangoja tena. Mwanangu, kule kungoja ndiko kulikomnyima kushika mkono wa baba akiwa hai.

Nilimpa ule ujumbe wa baba.  Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, alikwenda kibandani mchana, akapangusa utando, akashusha nyundo. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Ti-ti, kimya. Ti-ti, kimya. Mwiko ukaniponyoka. Mwaitu alikuwa uani, tukatazamana. Ilikuwa ile ile, na kusimama kule kule. Siku ile kibanda kilipogonga kikiwa kitupu, tulisikia kazi ya Kioko ambayo ilikuwa bado haijafanywa. Baba aliitambua kabla yetu sote. Usiniulize ilikuwaje. Mimi ni mtu wa kanisa, na mchungaji nilipomwuliza alikohoa, akataka kujua mahindi yangu yanaendeleaje.

Kwa hiyo nakwambia, wewe uliye barabarani: ukikumbuka kwenu, nenda siku hiyo hiyo. Kazi ya mtu haiishi, lakini mzazi huisha. Nawe uliyebaki nyumbani, usipasue kigoda cha mwenzako hata kuni zikilowa. Na ukimfundisha mtoto, ikipinda kidogo, mwache aendelee. Majuto ni mjukuu, nami wajukuu ninao wa kutosha.

Mungu akuwekee mahali pa kukaa, na akufikishe angali yupo wa kukwambia karibu. Na ikitokea mchana mmoja ukasikia mtu anagonga kwenye chumba kisicho na mtu, mwanangu, usikimbie. Sikiliza vizuri. Huenda ni wewe unayefika.